Mtakatifu Yohane Bosco na Watoto Wasio na Pa Kwenda

Wenzangu makatekista, nanyi walimu wa shule za misioni, saa za darasani si ngumu sana. Kengele imelia, mtoto ameketi, ubao uko mbele yake, na mwalimu anayo mkononi orodha ya majina. Kazi ngumu huanza pale kengele ya mwisho inapolia. Hapo mtoto hana orodha inayomwita. Akija kwetu kuimba, kucheza au kusoma mafundisho, amekuja kwa hiari yake. Asipokuja, hakuna wa kumwadhibu. Leo waja sitini, juma lijalo waja tisa, na mvua ikinyesha yuaja mmoja tu, naye amekuja kwa kuwa nyumbani hakuna chakula.

Kwa sababu hiyo nimeona vema kuwasimulia maisha ya padri mmoja aliyetumia miaka yake karibu yote katika saa hizo zisizo na orodha. Jina lake ni Giovanni Bosco, nasi twamwita Mtakatifu Yohane Bosco, au Don Bosco kama Waitalia wanavyowaita mapadri wao. Katika nchi yetu jina lake si geni, kwa maana watawa wa shirika lake walifika Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, katika mwaka 1911. Lakini wengi waijua sanamu yake tu, ile ya padri mwenye kutabasamu kati ya watoto wasafi. Mambo hayakuwa hivyo siku zote.

Yohane alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 huko Becchi, kijiji kidogo cha wakulima katika nchi ya Piemonte, kaskazini mwa Italia. Hata miaka miwili hakuitimiza, baba yake akafa kwa ugonjwa wa mapafu. Mama yake, Margherita, akabaki na watoto watatu: Yohane, kaka yake Giuseppe, na Antonio, mwana wa mke wa kwanza wa marehemu. Mama huyo hakujua kusoma wala kuandika, lakini aliwafundisha wanawe sala na kazi, wala hakumdekeza hata mmoja.

Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi Yohane aliota ndoto. Aliona kundi la watoto wakipigana na kutukana, naye akawarukia kwa ngumi awanyamazishe. Mtu mmoja mwenye kung'aa akamkataza, akamwambia kwamba atawapata kwa upole, si kwa mapigo. Ndoto hiyo haikumtoka moyoni maisha yake yote. Tangu hapo akaanza kazi yake ya ajabu. Alikwenda sokoni kuwatazama watu wa mazingaombwe, akajifunza kutembea juu ya kamba na kutembea kwa mikono, kisha siku za Jumapili akawakusanya watoto wa kijiji awaonyeshe michezo hiyo. Kiingilio hakikuwa fedha. Kabla ya mchezo walipaswa kusali rozari na kusikiliza mahubiri ya asubuhi, ambayo aliyashika kichwani na kuyarudia. Aliyekataa kusali hakuona kamba.

Kusoma kwenyewe kulimpatia taabu kubwa. Antonio aliona kwamba vitabu ni uvivu wa mtu asiyependa jembe, akagombana naye mpaka mama akalazimika kumtuma Yohane akafanye kazi ya utumishi katika shamba la watu wengine. Padri mzee, jina lake Calosso, akamhurumia na kuanza kumfundisha Kilatini. Mwaka 1830 padri huyo akafa ghafula. Hata hivyo Yohane akaendelea. Huko Chieri alisoma huku akitumika katika mkahawa ili apate mahali pa kulala, akaingia seminari mwaka 1835, na tarehe 5 Juni 1841 akapata daraja takatifu ya upadri mjini Torino.

Torino ya siku zile ilikuwa inakua upesi. Vijana walishuka kutoka milimani kutafuta kazi: waashi, wachonga mawe, wasafishaji wa mabomba ya moshi. Wengi hawakuwa na baba, wala kitanda, wala mtu wa kuwauliza habari zao. Padri Cafasso, mwalimu wake, akamchukua Yohane mpaka magerezani. Huko akaona vijana wa miaka kumi na miwili, kumi na mitano, kumi na minane, wenye afya na akili, wameketi bure wakiliwa na wadudu. Jambo moja lilimchoma zaidi: wengi waliofunguliwa wakiwa na nia njema walirudi gerezani baada ya muda mfupi. Akachunguza sababu, akaona kwamba nje hapakuwa na mtu wa kuwangoja.

Tarehe 8 Desemba 1841, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, alikuwa anavaa mavazi ya Misa katika sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kijana mmoja mwashi, jina lake Bartolomeo Garelli, alikuwa amesimama pembeni. Mtunza sakristia akamwamuru atumikie Misa. Kijana akasema hajui. Basi yule mtu akamfukuza kwa mpini wa ufagio wa manyoya. Don Bosco akakemea kwa sauti kwamba anayepigwa ni rafiki yake, akataka aitwe upesi. Mtunza sakristia akashangaa, kwa kuwa rafiki huyo padri hakumjua hata jina. Baada ya Misa wakazungumza. Kijana hakuwa na baba wala mama, hakujua kusoma, hakujua kuandika, hakujua kuimba. Alipoulizwa kama ajua kupiga mluzi, akacheka kwa mara ya kwanza. Wakaanza na ishara ya msalaba na Salamu Maria. Jumapili iliyofuata Garelli akarudi, tena pamoja na wenzake.

Nawaomba msiupite upesi mluzi huo. Padri alikuwa amekwisha kuuliza juu ya kila jambo ambalo kijana hakuliweza, naye hakuacha kuuliza mpaka akapata moja ambalo aliliweza.

Kazi hiyo aliiita Oratorio, maana yake mahali pa kusali. Lakini palikuwa pia mahali pa kucheza, kuimba na kutembea pamoja. Jumapili watoto walikuja kwa ungamo, Misa na mafundisho, kisha michezo mpaka jua kuchwa. Siku za kazi yeye ndiye aliyewafuata: alikwenda chini ya majengo, akawasalimu juu ya ngazi zao, akawauliza mabwana zao kama wanalipwa vema. Baadaye akafungua masomo ya jioni, kwa kuwa mchana kutwa vijana walikuwa kazini. Walikuja wakiwa wamechoka, na mikono imejaa chokaa, kujifunza herufi.

Sasa ndipo taabu zilipoanza, na ningependa kuzieleza kwa urefu, maana vitabu vingi vya watakatifu huzipita mbio. Watoto walipoongezeka, pakawa hapana mahali pa kuwaweka. Mwaka 1844 mama mmoja tajiri, Marchesa wa Barolo, aliwapa vyumba karibu na nyumba zake za huruma, lakini vyumba hivyo vilikuwa vya hospitali iliyokuwa bado inajengwa. Walipokwenda kwenye kanisa dogo la makaburi ya Mtakatifu Petro katika Minyororo, mtumishi wa nyumba ya padri wa pale akakasirishwa na kelele, wakakatazwa baada ya Jumapili moja tu. Wakaenda penye vinu vya kusaga; wasagaji wakapeleka mashtaka mjini. Wakakodi vyumba vitatu katika nyumba ya Moretta. Wapangaji wengine wakasema hawawezi kuvumilia makelele. Mwisho wakakodi uwanja wa majani wa ndugu wawili, akina Filippi. Hapo hapakuwa na paa wala ukuta. Don Bosco aliketi juu ya kituta kusikiliza maungamo huku wengine wakicheza mbele yake. Watoto walikuwa wamefika kama mia nne. Hata majani yakawashtaki: wenye uwanja wakasema miguu ya watoto imeua mizizi yake, wakawapa notisi ya kuondoka.

Serikali nayo ikaingiwa na shaka. Marchese Cavour, mkuu wa mji, aliogopa makutano ya vijana wengi wanaomtii mtu mmoja, akatuma askari wawatazame siku za Jumapili. Mapadri marafiki walimshauri abaki na watoto ishirini walio wadogo, awaache wengine. Alipokuwa akiwaeleza juu ya viwanja, kanisa, shule na karakana atakazokuwa nazo, wakasikitika wakidhani akili zimempotea. Wawili kati yao wakaja na gari wampeleke, kama kwa matembezi, kwenye hospitali ya wenye wazimu. Yeye akatambua. Kwa adabu akawaomba watangulie kupanda, kisha akafunga mlango na kumwamuru mwenye gari awapeleke upesi kule walikokuwa wakienda. Twacheka tukisoma hayo, lakini yeye hakuwa na sababu nyingi za kucheka siku hizo.

Tarehe 5 Aprili 1846, Jumapili ya Matawi, ilikuwa siku ya mwisho uwanjani. Jioni watoto walicheza kama kawaida. Don Bosco akajitenga, akawa akitembea peke yake akilia machozi, kwa kuwa angewaaga bila kuweza kuwaambia Jumapili ijayo wakutane wapi. Kabla ya giza akaja mtu mmoja mwenye kigugumizi, Pancrazio Soave, akasema kwamba jirani yake Pinardi ana banda la kukodisha huko Valdocco. Banda lilikuwa fupi mno hata ikabidi kuchimba sakafu ili mtu aweze kusimama. Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili, wakaingia. Askofu Mkuu Fransoni alipokuja kutoa Kipaimara mwaka uliofuata, alilazimika kuvua kofia yake ya kiaskofu isigonge dari. Lakini banda lile hawakufukuzwa tena.

Mwezi wa Julai mwaka huo huo akaanguka kwa uchovu na ugonjwa wa mapafu, akapewa Sakramenti za mwisho. Watoto wakajazana mlangoni. Waashi wadogo waliofanya kazi juani kutwa nzima wakafunga, wakala mkate na maji tu. Wengine wakasali kwa zamu mbele ya sanamu ya Bikira Maria Mfariji mpaka usiku. Alipopona na kutembea kwa fimbo, aliwaambia kwamba tangu siku hiyo maisha yake ni mali yao. Kisha akafanya jambo la mtu mwenye kuwajua watoto: akawaita wale walioweka nadhiri nzito kupita nguvu zao, akazibadilisha nadhiri hizo ziwe mambo madogo wanayoweza kuyatimiza.

Tarehe 3 Novemba 1846 akarudi mjini kwa miguu kutoka Becchi, pamoja na mama yake. Margherita alikuwa na miaka hamsini na minane, na nyumbani alikuwa na wajukuu. Aliacha yote. Nguo zake za arusi alizozitunza zikakatwa kuwa vitambaa vya altare.

Majaribio ya kwanza ya kuwalaza watoto yalikuwa aibu tupu. Vijana waliopewa mahali pa kulala juu ya majani makavu walitoroka alfajiri na mablanketi. Wengine wakachukua hata majani yenyewe. Wengi wetu tungalifunga mlango kwa kufuli. Lakini usiku mmoja wa mvua, mwezi wa Mei 1847, akabisha mlangoni mtoto yatima kutoka bonde la Sesia, ameloa, hana senti. Margherita akamlisha, akamtengenezea kitanda jikoni kwa matofali na mbao, akasema naye maneno machache juu ya kazi na sala kabla ya kuzima taa. Asubuhi mtoto alikuwapo, na sufuria zote zilikuwapo. Tangu usiku ule nyumba za Don Bosco zina desturi ya maneno mafupi ya usiku mwema kabla ya kulala.

Mama mwenyewe alichoka. Baada ya miaka michache hivi, vijana walicheza mchezo wa vita, wakakanyaga bustani yake yote ya mboga. Akamwendea mwanawe, akamhesabia nguo zinazopotea, soksi zinazochanika, kabichi zilizokufa, akaomba arudi kijijini afe kwa amani. Don Bosco hakumjibu kitu. Alimwonyesha tu msalaba ukutani. Mama akatazama, akarudi jikoni, akakaa Valdocco mpaka kufa kwake tarehe 25 Novemba 1856.

Mwaka 1848 ulileta taabu ya namna nyingine. Piemonte iliingia vitani na Austria, na siasa ikawalevya watu. Wasaidizi wake kadhaa wakataka kuwapeleka watoto katika maandamano na bendera. Yeye akakataa, nao wakamwacha, wakawavuta wengi wa vijana wakubwa. Siku za Jumapili akabaki karibu peke yake na kundi la watoto: afundishe, aungamishe, ahubiri, asimamie mpira. Mtu mmoja alimpiga risasi dirishani alipokuwa akifundisha katekismu. Ikapita kati ya mkono na mbavu, ikatoboa kanzu. Nadhani kuachwa na wasaidizi kulimuumiza kupita risasi. Mtu anayeishughulikia kazi hii ataelewa: si watoto wanaotuvunja moyo sana, ni kutazama nyuma na kuona wenzako hawapo.

Hapo akajifunza neno ambalo ndilo lililoiokoa kazi yake. Wasaidizi wa kuazima huondoka. Basi akaamua kuwalea wasaidizi kati ya watoto wenyewe. Aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua. Mkubwa alipewa wadogo kumi awaangalie uwanjani. Kati ya watoto hao alikuwamo Michele Rua, yatima wa baba, aliyesoma shule ya Mabruda mjini na kuja Oratorio. Siku moja Don Bosco aligawa medali. Zamu ya Rua ilipofika, medali zilikuwa zimekwisha. Padri akamnyoshea mkono wake wa kushoto, akafanya kwa ule wa kuume kama mtu anayeukata katikati, akamwambia achukue. Mtoto hakuelewa. Baadaye aliambiwa maana yake: wao wawili watagawana kila kitu nusu kwa nusu.

Mambo yakakua. Mikataba ikaandikwa kwa ajili ya vijana waliokwenda kujifunza ufundi kwa mabwana wa mjini. Katika mmoja wa mwaka 1852 bwana anaahidi kumsahihisha kijana kwa maneno, si kwa mapigo, kumpumzisha siku za sikukuu, na kutomfanya mtumishi wa nyumbani. Kisha karakana zikafunguliwa Valdocco kwenyewe: za washona viatu na washona nguo mwaka 1853, halafu za wajalidi wa vitabu, za maseremala, za wachapaji. Domenico Savio alifika mwaka 1854, akafa mwaka 1857 akiwa bado kijana, naye leo ni mtakatifu. Tarehe 18 Desemba 1859 shirika la Mtakatifu Fransisko wa Sales, yaani Wasalesiani, likaanzishwa katika chumba cha Don Bosco. Karibu wote waliokuwamo walikuwa vijana waliokulia mikononi mwake. Mwaka 1872, pamoja na Maria Mazzarello, akaanzisha watawa wa kike kwa ajili ya wasichana. Mwaka 1875 wamisionari wa kwanza wakavuka bahari kwenda Argentina, na mkuu wao alikuwa Giovanni Cagliero, mtoto mwingine wa Valdocco.

Mtu angedhani kwamba hapa taabu zimekwisha. La. Mwezi wa Mei 1884 Don Bosco alikuwa Roma, mzee, miguu imevimba, macho yamefifia. Kutoka huko akawaandikia watu wa Valdocco barua yenye huzuni. Alisimulia humo ndoto aliyoona uwanja wa zamani, watoto wakikimbia na mapadri wakikimbia kati yao. Kisha akaonyeshwa uwanja wa siku zile, nao ulikuwa umebadilika. Kuta zilikuwa nzuri, walimu wengi, watoto mamia. Lakini walimu walisimama kando wakizungumza wao kwa wao, au waliwatazama watoto kwa mbali kama walinzi, na watoto waliegemea nguzo wakiwa na uchovu na siri moyoni. Aliwaeleza kwamba haitoshi kuwapenda watoto. Yawapasa watoto wenyewe waone kwamba wanapendwa, na hawawezi kuona hivyo kama mwalimu hapendi kwanza yale wanayoyapenda wao, yaani mchezo. Mwalimu aonekanaye darasani tu ni mwalimu basi. Akicheza nao saa za mapumziko huwa ndugu. Kumbukeni kwamba maneno hayo hakuwaandikia maadui. Aliwaandikia wanawe, katika nyumba iliyokuwa na kila kitu ambacho yeye hakuwa nacho siku ile ya Jumapili ya Matawi.

Akaishi miaka minne kasoro baada ya barua hiyo. Mwishoni mwa Januari 1888 alilala kitandani huko Valdocco bila nguvu, akaagiza watoto waambiwe kwamba anawangoja wote mbinguni. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Wasalesiani wakapiga magoti chumbani wakingoja baraka yake ya mwisho, naye hakuweza tena kusema wala kuuinua mkono wa kuume. Padri Michele Rua, aliyekuwa ameteuliwa kushika kazi baada yake, akausogelea kitanda, akaushika mkono ule, akauinua yeye mwenyewe, akafanya nao ishara ya msalaba juu yao.